Mpiga picha wa Malindi aliyempotezea bi harusi kijani chake

Saa sita mchana, jua likiwa utosini, Moraa Nyabuto anachota maji kwenye tangi jeusi juu ya paa la nyumba anayopanga Maweni, Malindi. Anatumbukiza kipimajoto. Nyuzi thelathini na sita. Anaongeza birika moja la maji ya moto, zinafika thelathini na nane.

"Dawa ya kusafisha filamu ya rangi inataka joto hili hili," anasema. "Jua la hapa linanipunguzia gesi."

Anaingia chooni, anaziba upenyo wa mlango kwa leso mbili na kuzima taa. Humo ndani ni joto la tanuri. Anapotoka na mkebe wa kusafishia mkononi, filamu imo ndani, uso umelowa na macho ni ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa miezi.

Moraa, 46, mzaliwa wa Nyamira, amepiga picha pwani kwa miaka ishirini na moja. Simu zimewamaliza wenzake waliozunguka ufukweni na kamera shingoni. Yeye amenusurika kwa sababu ya sherehe za kupamba bi harusi. Wanaume hawaingii, simu na mikoba huachwa mlangoni, na hakuna mama anayetaka picha za bintiye bila buibui zizunguke kwenye makundi ya WhatsApp.

Kwa hivyo humwita Moraa na kamera yake ya filamu. Husafisha filamu mwenyewe, huzipeleka Mombasa kwa mwanamke anayechapa, hukaa hapo mpaka zitoke, kisha humkabidhi mama wa bi harusi kila kitu, negativu na yote. Kwa kazi moja hulipwa Sh9,000, na mwezi mzuri huwa nazo tatu.

Mwaka jana ikaja kazi ya pili. Msanii wa kigeni aliyekuwa likizoni Watamu alimwachia mikanda thelathini ya filamu ya majaribio, inayogeuza rangi. Majani hutoka zambarau, buluu ya bahari huelekea kijani, nyuso hubaki karibu zilivyo. Kazi yake ni kupiga mikoko, minazi na mashamba ya Magarini, kisha amtumie.

"Mkanda wa kwanza nilidhani nimeharibu dawa," anasema. "Mnazi wa zambarau, wewe umeuona wapi?"

Mikanda yote, ya kawaida na ya majaribio, hukaa kwenye friji la Owen, jirani mwenye duka, kando ya maziwa. Vikopo vyake vinafanana. Moraa huviandika kwa karatasi ya gundi, lakini unyevu huibandua. Na kwa kuwa mkoba hauingii ukumbini, humimina mikanda kwenye mfuko wa dera kabla ya kuondoka.

Januari, siku ya kumpamba bi harusi aitwaye Kamaria, alichukua mitatu bila kuisoma, maana hapakuwa tena na maandishi ya kusoma. Yote ilikuwa ya majaribio.

Kwa ukoo wa Kamaria, bi harusi hupambwa kwa kijani. Kitambaa kilikuwa cha nyanyake, aliyerudi nacho kutoka hija akakitunza miaka kumi na tisa akimsubiri mjukuu. Alifariki miezi miwili kabla ya harusi.

"Nilijua nilipoutoa mkanda majini," anasema Moraa. "Plastiki yenyewe ni rangi nyingine. Nikakaa chini hapo hapo chooni."

Mchapaji wa Mombasa alijaribu kurekebisha kwa kompyuta. Kila alipoivuta zambarau irudi kijani, midomo na hina navyo vikageuka. Moraa akazibeba picha zilivyo hadi kwa Bi Hafswa, mama yake Kamaria, katika mji wa kale.

"Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akazitazama moja moja. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza."

Nyumbani kwake, Bi Hafswa anaongea taratibu. "Picha nzuri, sikatai. Mwanangu kapendeza. Lakini bi harusi yule si wetu. Mamangu kaniachia kitambaa kile nikitunze, kisha wajukuu waje waulize kijani ki wapi, niwajibu nini?"

Hakumsema Moraa kwa watu. Lakini picha za harusi huonyeshwa wageni, na wageni wana macho. Tangu hapo harusi nne zilizokuwa zake zimepata mpiga picha mwingine.

Kisha msanii akasikia habari ya bi harusi wa zambarau. Akampigia Moraa, akataka negativu kwa bei ambayo Moraa angeifanyia kazi miezi sita. Akakataa.

"Si zangu. Nilimwambia hivyo tu, nikakata simu. Halafu nikalia, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imefika."

Msanii hakukoma. Alituma mtu kwa Bi Hafswa mwenyewe, na huyo mtu, kwa kuropoka, akataja kwamba mpiga picha alikwisha kukataa. Bi Hafswa akamfukuza. Kesho yake akamwita Moraa.

Jumamosi hii Kamaria anakuja kutoka Mtwapa alikoolewa, avishwe kijani tena na kupambwa upya, Moraa ampige picha. Ana mimba ya miezi mitano, na mshonaji ameachia mishono yote iliyoweza kuachiwa. Bi Hafswa ametoa sharti moja.

"Filamu aje nayo kwenye boksi lake," anasema. "Nitaifungua mimi."

Moraa amekubali. Amenunua mkanda mmoja mpya, umefungwa bado, na usiku anaulaza chini ya mto badala ya friji la Owen. Anajua joto si zuri kwa filamu. Anajua pia kwamba mama wa maharusi wengine wanasubiri kuona kitakachotoka.

"Miaka yote nimeomba Mungu picha nzuri," anasema, akiukung'uta mkebe wake. "Safari hii sitaki nzuri. Nataka kijani."