Mchezo wa maharamia umemliza Bibi Nyangeta

Leo nimemliza bibi wa watu kwenye kambi ya kanisa hapa Guta.

Watoto walikuwa wanacheza maharamia. Nikipuliza filimbi, kila mmoja anabeba kifurushi chake na kukimbilia kisiwa kingine, yaani duara jingine tulilochora chini. Vicheko tu!

Nageuka, Bibi Nyangeta anayetupikia amekaa chini, analia.

"Bibi, kuna nini?"

"Mwalimu, na sisi tulihamishwa mbiombio hivyo kwenda kijiji cha ujamaa. Nilikuwa nimembeba mdogo wangu mgongoni. Mvua ilitukuta hatujajenga hata kibanda. Akashikwa na homa, akafa."

Jamani, nyie mngesema nini?

Mimi nilikaa naye palepale chini, nikamuuliza mdogo wake aliitwa nani.

"Wambura," akasema. "Miaka yote hii, hakunaga mtu aliyeniuliza."