Fundi wa sili aliyeachwa na vidole vyake

Saa mbili asubuhi, propela imelazwa juu ya blanketi kuukuu. Mama Sili amesimama mbele ya pua ya ndege ndogo ya abiria watano, anapitisha kidole kwenye shafti, mhimili unaozungusha propela. Anakirudisha. Anafumba macho, anajaribu tena.

"Njoo unipapasie, baba," anamwita fundi mwenzake. "Mimi sisikii kitu."

Kwa miaka ishirini na saba amekuwa akibadilisha sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje nyuma ya propela. Kazi hiyo hutaka ncha ya kidole kuliko macho. Mkwaruzo mwembamba kama unywele, au ukingo wa sili uliojikunja kidogo tu, na oili inamwagika angani.

Miaka yote hiyo alinawa mikono kwa petroli. Ganzi ilianzia kidole kidogo, mwaka juzi. Leo vidole sita kati ya kumi havina habari. Chai ikimuunguza, mumewe ndiye anayeona malengelenge. Daktari hakumficha: mishipa ya fahamu imekufa, haitarudi.

Kazini alinyamaza.

Miezi mitatu iliyopita, ndege aliyoifunga sili yeye ilirudi dakika kumi na moja baada ya kuruka, kioo cha mbele kimejaa oili. Rubani alitua akichungulia dirisha la pembeni. Ndani mlikuwa na mjamzito aliyekuwa akiwahishwa hospitali. Ikabidi apelekwe kwa gari, saa tano za barabara mbovu. Yule mama alipona. Mtoto hakupona.

"Rubani hakunifokea," anasema Mama Sili. "Aliniuliza tu, 'Dada, ni wewe uliyeifunga?' Nikamwambia ni mimi. Akasema pole. Afadhali angenizaba kofi."

Siku hiyohiyo alimkabidhi msimamizi wake muhuri wa kuidhinisha ndege. Sasa anaosha vipuri na kuandaa shafti; kufunga sili ni kazi ya wengine. Wakubwa walimwambia huenda mtoto asingepona hata kama ndege ingefika.

"Huenda," anasema, akijifuta mikono. "Neno hilo ndilo ninalolala nalo."

Mpango wake ni mmoja. Anajua nyumba ya yule mama ilipo. Mume wa Mama Sili anamsihi asiende kumtonesha mwenzake kidonda.

"Nimefika mlangoni mara mbili, nikageuza," anasema. "Hakuna aliyemwambia ni nani aliyeifunga ile sili. Jumamosi nitabisha hodi."