Siafu Ndani ya Plasta

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilikuwa na mguu mmoja mweusi na mmoja mweupe, na watoto wa kijiji chetu cha Nuu walikuja kunitazama kama watu wanaokuja kuona gari limepinduka. Ule mweupe ulikuwa wa plasta, kutoka paja mpaka karibu na vidole, nimewekewa kwenye hospitali ya misheni. Ulikuwa mzito kama kinu. Nikioga, mama alinikalisha kwenye kigoda, mguu nimeutoa nje ya karai, maana nesi alimwambia ukilowa tu, tunaanza upya. Mbuzi walikuja kuulamba. Na ndani uliwasha! Nilikuwa najikuna kwa spoku ya baiskeli mpaka macho yanajifumba, na hata leo nikiona spoku nahisi raha fulani ambayo siwezi kuisimulia mbele ya wajukuu.

Lakini niseme kwanza nilivyovunjika, kwa sababu watu wengi wamezikwa wakiamini uongo wangu.

Jirani yetu alikuwa mjane anaitwa Syokau. Sisi watoto tulimwita susu, yaani nyanya, kama tulivyomwita kila mama mzee. Mume wake alimwachia mizinga sita ya nyuki, imening'inia kwenye migunga. Kwetu sisi Wakamba mzinga ni kazi ya mwanaume. Syokau alikuwa anapanda mwenyewe, amejifunga leso katikati ya miguu, na nyuki hawamuumi. Kupanda, watu wangemsamehe. Hilo la kutoumwa ndilo liliwanyima usingizi. Mama yangu aliniambia mara nyingi, "Nduku, nyuki wa yule wanatumwa. Ukiiba asali yake, watakufuata mpaka ndani ya nguo."

Ulikuwa mwaka wa njaa, tunakula yale mahindi ya njano ya msaada yenye harufu ya gunia. Nilipanda. Nikavunja sega, nikatafuna huko huko juu, nyuki akaniuma kwenye jicho, nikaachilia tawi. Mguu niliusikia kabla ya kuhisi uchungu. Ulisema ko! kama ukuni mkavu.

Na kuiba asali hakukuwa mchezo. Mwaka uliotangulia msichana mmoja ng'ambo ya mto alishikwa na baba yake mwenyewe, akambania vidole kwenye makaa mpaka vikanuka. Basi mama aliponikuta pale chini, jicho limefura, mguu umeangalia upande wake, nilimwambia, "Mwaitu, mama yangu, nilikuwa napita tu. Kitu kimenivuta."

Mimi nilisema kitu. Jina mama alilipata mwenyewe. Aliinua macho, akauona mzinga wa Syokau.

Wiki ya nne ya plasta nilikuwa nimeshakuwa mwizi wa kukaa. Mama akienda mtoni, nilijikokota kwa matako mpaka kwenye mkebe wa sukari ya wageni wa kanisa. Siku hiyo nilijaza kiganja, nikasikia mama anakohoa nje. Ningeitupa wapi? Niliimimina yote ndani ya plasta, pale juu kwenye paja palipokuwa na nafasi, nikakunja mikono kama mtoto wa Sunday school.

Jasho likaiyeyusha. Siku mbili baadaye, saa sita mchana, wakaja siafu, wale wadogo wekundu. Waliingia kwa foleni kama watu wa msaada. Ndugu yangu unayesoma, usiombe kuumwa mahali ambapo mkono haufiki. Nilipiga mguu ukutani, nikapiga chini, nikauma blanketi, nikapiga kelele kwamba nyuki wa Syokau wamenifuata. Wakati huo niliamini kabisa. Mama alikuwa ameshaniambia, na sasa yametimia.

Mama alikuja mbio, akaona wadudu wanatoka kwenye mguu wangu mweupe, akapiga ukemi wa kuita watu. Ukemi wa mwanamke wa Kikamba haupigwi mara mbili. Watu walitoka mashambani na majembe mkononi, na mbele yao alikuwa Mutinda, mzee wa kanisa. Jumapili iliyopita alikuwa ametuhubiria kwamba uchawi ni upuuzi wa watu wasiosoma. Sasa alikuwa na rungu.

Hawakuniuliza kitu. Walienda kwa Syokau, na mimi nikiwa mlangoni niliona moshi wa nyumba yake kabla sijamwona mwenyewe. Walimleta wakimburuta kwa leso, ikararuka, wakamshika nywele. Wanawake niliowajua, waliokuwa wanamwomba asali ya kikohozi cha watoto wao, walikuwa wanampiga na viatu. Mmoja alimwuma sikio. Jina lake nalijua, lakini wajukuu wake wananiletea maziwa.

Walimtupa mbele ya mguu wangu. Kwetu inaaminika kwamba aliyekuroga ndiye anayeweza kukufungua, akikutemea mate kwa moyo mweupe.

"Tema!" Mutinda akasema. "Mtemee mtoto apone!"

"Mutinda," Syokau akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka tu, "mimi ndiye nilikuosha siku uliyozaliwa."

"Tema, mchawi!"

"Kinywa kimekauka. Muulizeni huyu mtoto alikuwa anatafuna nini siku ile. Nta niliikuta chini ya mti, ina alama za meno. Muulizeni."

Mama akaniangalia. "Nduku, ulikuwa na nini mdomoni?"

Nimeishi miaka mingi, nimeulizwa maswali mengi, hata na polisi. Hakuna lililokuwa rahisi kama hilo. Neno moja tu, na Syokau angeachiliwa. Niliangalia vidole vyangu kumi, nikaona makaa.

"Sikuwa na kitu," nikasema.

Rungu likashuka. Syokau alikinga kichwa kwa mkono, na mkono ukasema ko! Niliijua sauti ile. Katika watu wote waliokuwa pale, mimi peke yangu ndiye niliyeijua.

Alipoinama juu yangu kutema, mate yalikuwa hayapo. Ilitoka damu, ikashuka kwenye plasta yangu nyeupe kutoka goti mpaka chini. Kisha mama akamimina mafuta ya taa ndani ya plasta, siafu wakafa, na watu wakasema, mnaona? Ametema na wamekwisha.

Wiki tatu niliishi na ile alama. Ilikuwa nyekundu, ikawa ya kahawia, ikawa kama kutu. Nikila, niliitazama. Mbuzi walipokuja kulamba, niliwafukuza kwa mawe. Spoku sikuigusa tena. Uliwasha nikauacha uwashe.

Hospitalini walikata plasta kwa msumeno. Ilipofunguka, ndani kulikuwa na uji mweusi umekauka, na siafu wameganda ndani yake kama zabibu kwenye keki. Nesi akanusa, akaonja kwa ncha ya kidole, nakuapia, akacheka mpaka akashika meza.

"Mama, nani ameweka sukari huku?"

Mama hakucheka. Aliuona ule mkebe akilini, nilimwona akiuona. Njiani nilimwambia yote, na la mzinga pia. Alinipiga na gongo langu la kutembelea mpaka likavunjika, pale barabarani, watu wakipita. Kisha akaketi kwenye vumbi akajipiga yeye, makofi usoni, moja, mbili, mpaka nikamshika mikono.

Hakurudi nyumbani kwanza. Alinipeleka moja kwa moja kwa Syokau, ambaye sasa alilala kwenye banda la mbuzi lililobaki. Yeye hakuna aliyempeleka hospitali. Mkono aliufunga mwenyewe kwa vijiti na magome, kwa kutumia meno, na ulikuwa umeunga umepinda, kiganja kinaangalia nyuma.

Mama alipiga magoti. "Mwaitu, Jumapili nitasimama kanisani niseme."

Syokau alifikiri. "Usiseme," akasema. "Ukisema, watakuja kuomba msamaha siku moja, kesho yake watarudi kuiba. Sasa wananiogopa. Mizinga yangu yote imejaa." Akaniangalia. "Lakini kupanda siwezi. Huyu anajua njia."

Nikamwitikia, "Ndiyo, susu."

"Ilikuwa tamu?"

Nilitaka kulia, lakini alikuwa anangoja jibu. "Ilikuwa tamu, susu."

"Basi utakuwa unakunja leso vizuri, usianguke tena. Mimi sina mkono mwingine wa kuvunjiwa."

Nilimpandia mizinga mpaka nilipoolewa. Watu walisema amenirithisha uchawi, na Mutinda alivuka barabara akiniona. Nilifurahi kumwona akivuka, sitasema uongo. Tulipomzika Syokau tulikuwa watatu, mimi, mama, na mchimba kaburi.

Ninapenda umbea, kila mtu anajua. Niulize nani alizaa na nani kutoka hapa mpaka Kathonzweni, nitakuambia na siku yenyewe. Kisa hiki kimoja nilikibana kwa sababu mwenyewe alisema nisiseme. Lakini nimezeeka sasa, nashuku nilikibana kwa sababu kilinifaa mimi. Mguu wangu uliunga ukanyooka, hata daktari alisifu. Naishi peke yangu, nina mizinga minne, na nyuki hawaniumi sana. Juzi watoto wa jirani walipita mbio mbele ya mlango wangu, mmoja akatema mate kifuani ajikinge. Nilimwita nimpe asali. Hakuja.