Jumatano ya Mpiga Pasi

Saa tisa alasiri, Jumanne. Shuka la mia mbili na kumi na mbili la leo linaingia kwenye rola ya kupigia pasi likiwa na unyevunyevu, linatokea upande wa pili jeupe, kavu, la moto kama mkate.

Mwanamke aliyeshika kona ya kushoto halitazami. Anamtazama mwenzake wa kona ya kulia, na mwenzake anamtazama yeye. Kushika, kunyoosha, kukung'uta mara moja, kuachia.

"Ukitazama shuka unachelewa," anasema baadaye yule wa kushoto, mikono haijasimama. "Tazama mabega ya mwenzako. Mabega hayadanganyi."

Hapa ni ghorofa mbili chini ya ukumbi wa hoteli kubwa, ugenini. Hakuna dirisha. Mvuke umetanda mpaka miwani ya mgeni inageuka ukuta. Katika zamu moja, yenye urefu wa saa tisa, watu hawa wawili hupitisha mashuka mia tatu, foronya hazihesabiwi, na viti viko viwili kwa wafanyakazi kumi na wanne. Juu, wageni wanalala usingizi mnono. Hawajui usingizi huo umenyooshwa na nani.

Huyu wa kona ya kushoto wenzake wanamwita Mama Jumatano. Jina hilo alipewa na huyu wa kona ya kulia, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, naye Mama Jumatano humwita Dada. Sababu ni kwamba siku sita anafanya kazi kama watu wengine, Jumatano haonekani, na Alhamisi anarudi na hadithi.

"Sisi tukipewa mapumziko tunalala," anasema Dada. "Huyu anakwenda kupotea. Kwa makusudi! Mtu mzima na akili zake."

"Nani kakwambia ninazo?" anajibu Mama Jumatano. Shuka la mia mbili na kumi na tatu linaingia.

Kesho ni Jumatano. Huenda ikawa ya mwisho.

Wiki iliyopita bosi, mama mmoja mkali lakini mwenye haki, alimwita ofisini akampa habari ambayo wengi humu wangeipigia magoti. Nafasi ya msimamizi wa zamu iko wazi, na yeye ndiye anayetakiwa. Mshahara unapanda kwa theluthi nzima. Kuna kiti. Kuna meza pia.

Sharti ni moja. Msimamizi hana siku nzima ya mapumziko. Ana nusu siku, tena simu iwe wazi na yeye asiende mbali na hoteli, maana mashine hazichagui saa ya kuharibika. Jibu linatakiwa Alhamisi asubuhi.

Tunaposimulia habari za wenzetu walioko ughaibuni, tuna hadithi mbili tu: ya aliyetajirika na ya aliyeteseka. Kati ya hizo mbili hakuna mtu anayekula aiskrimu. Hakuna anayekaa kwenye benchi akacheka peke yake. Tumewageuza ndugu zetu kuwa mabomba ya kutuma fedha, kisha tunashangaa wakirudi wamekauka.

Mama Jumatano ana miaka arobaini na minne. Amekaa huku sita, amerudi nyumbani mara mbili. Mumewe ni kinyozi. Binti yao wa pekee anasomea uuguzi, mwaka wa mwisho.

Mwaka wa kwanza, anasema, siku ya mapumziko alilala kama gunia. Chumba anakaa na wanawake wengine wawili, pazia ndilo ukuta. "Nilikuwa naamka jioni, nakula, nalala tena. Nikiulizwa nchi hii ikoje, nasema ina dari nyeupe."

Kisha siku moja alisinzia ndani ya basi akitoka kazini. Akazinduka kituo cha mwisho, juu ya kilima asichokijua, dereva akimgongea kioo. Aliposhuka akageuka nyuma, akaiona hoteli yake huko chini, ndogo kama kiberiti.

"Nikacheka," anasema. "Nikajiambia, kumbe hicho kidude ndicho kinachonimaliza?"

Tangu hapo ana utaratibu wake. Kila Jumatano anapanda basi mpaka mwisho wa njia. Anashuka, anatembea, anakula kitu kimoja ambacho hajawahi kukila, anamwuliza njia mtu mmoja hata kama njia anaijua. Mji una njia thelathini na moja za basi. Kila moja huizunguka miezi miwili mitatu, mtaa kwa mtaa, kabla ya kuanza nyingine; amemaliza ishirini na mbili.

Jioni anamtumia mumewe ujumbe wa sauti. Kinyozi huusikiliza dukani kesho yake, mkasi mkononi, wateja wakiwa wamekaa foleni. Ikawa mazoea. Sasa kuna wazee wanaokuja Alhamisi hata kama kichwani hawana unywele.

"Shemeji, wiki hii tutazamie vinyozi wa huko," mmoja alimwagiza. "Huyu wetu anatukata masikio."

Wamecheka naye mengi. Siku moja aliingia mgahawani asijue kusoma orodha ya vyakula, akainyooshea kidole sahani ya baba aliyekaa jirani. Mhudumu akadhani analalamika kwamba chakula chake kimepelekwa kwa mwingine. Akamnyang'anya yule baba sahani, uma ukiwa mdomoni, akamletea yeye. "Tukala wote," anasema. "Tungefanyaje? Mchuzi wenyewe ulikuwa mtamu."

Lakini kisa kilichowavunja mbavu zaidi ni cha makumbusho. Ilikuwa nyumba ya matajiri wa zamani, vyumba vimeachwa kama walivyoviacha, kamba imezungushwa mtu asiguse. Katika chumba cha kulala kulikuwa na kitanda kipana, shuka lake la juu limetariziwa kwa uzi wa dhahabu. Na kona moja ilikuwa imekunjwa ovyo.

"Nilipita. Nikarudi. Nikapita tena. Roho inakataa." Anaonyesha kwa mikono. "Nikainama juu ya kamba, nikavuta kidogo tu, nikapiga kiganja mara moja. King'ora kikalia nyumba nzima."

Mlinzi alikuja mbio, akamwuliza alitaka kuiba nini.

"Nikamwambia kwa kile kilugha changu cha kuombea maji: Baba, mwizi gani anayetandika kwanza?"

Mlinzi alitazama kona ile, akatazama ya pili, akauma midomo asicheke. Kisha akamsindikiza mpaka mlango wa nje, taratibu, kama anayempeleka bibi harusi. Kurudi haruhusiwi kwa mwaka mzima. "Na kona ya pili sikuifikia," anasema kwa uchungu wa kweli. "Mpaka leo inaniuma."

Kisa hicho ndicho binti yake alichokishika wiki hii kama fimbo.

"Mama, watu wanatafuta vyeo, wewe unavikimbia?" alimwambia kwenye simu. "Halafu hata ukienda kutembea unatandika vitanda vya watu. Si bora ulipwe?"

Jibu la mama lilikuwa la taratibu. "Ndiyo maana, mwanangu. Mikono imeshakuwa ya hoteli. Macho nataka yabaki yangu."

Binti alikata simu. Na kinyozi, mtu asiyenyamaza hata anaponyoa wafiwa, tangu Ijumaa hajasema kitu. Alipoelezwa habari ya cheo alijibu neno moja: "Nimesikia." Ukimya huo ndio unaomnyima usingizi. Cheo, anasema, angeweza kukiamua peke yake. Ndoa ya miaka ishirini na mbili hapana.

Jumatano, saa nne asubuhi, anapanda basi la njia ya ishirini na tatu. Amevaa gauni la bluu lisilo na kunjo hata moja na viatu vya kutembelea. Anakaa dirishani. Mtu mmoja anashuka na ngazi ndefu begani, abiria wote wanainama pamoja kama waliokuwa wamepanga. Mama Jumatano anacheka mpaka anapenga kamasi.

Kituo cha mwisho ni barabara tulivu yenye karakana za baiskeli. Kuna duka la mikate, ananunua kipande chenye punje nyeusi juu. Anakaa kwenye benchi mbele ya ukuta mrefu wa matofali, anatafuna, anafikiri.

"Kina ladha ya udongo," anatoa hukumu. "Udongo mzuri lakini."

Simu inalia. Ni ujumbe wa sauti. Anautazama kwanza, kisha anaubonyeza, na sauti ya kinyozi inatoka pale benchini, nzito, mkasi hausikiki.

"Mama, nisamehe kwa kunyamaza. Ukweli ni kwamba nilitaka uchukue. Hapa dukani wamegawanyika, fundi viatu nusura apigane na fundi saa. Sasa jana nikafungua sauti zako za zamani, nitafute moja ya kumchekesha mteja. Nikagundua jambo. Siku nyingine zote unasema: tumeamka salama, mtoto anaendeleaje, haya kwaheri. Sekunde kumi na mbili. Ya Jumatano ni dakika tisa. Na ile ya Jumatano ndiyo sauti ya msichana niliyemwoa. Mwenye kazi ni wewe, amua wewe. Ila mimi, ile sauti ya sekunde kumi na mbili nimeichoka."

Anausikiliza mara mbili. Halii. Anafungua kilemba, anakifunga upya, kwa nguvu, kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo au kuutua.

Alhamisi asubuhi alisimama mbele ya meza ya bosi akasema anashukuru, lakini hapana.

"Unajua ni watu wangapi wanaitaka nafasi hii?" bosi aliuliza.

"Namjua mmoja. Anashika kona ya kulia."

Bosi alichukua siku mbili kufikiri. Jumamosi Dada, mwenye wajukuu watano wanaomtegemea, akakabidhiwa meza na kiti. Alikaa, akainuka, akakaa tena, akihakikisha ni cha kweli.

"Sasa utaniona," alimtishia rafiki yake. "Nitakufanyisha kazi mpaka uombe Jumatano mbili."

"Nipe hiyo ya pili kwanza, ndipo nikuogope, Dada."

Si kwamba amepata bila kupoteza. Theluthi ile ya mshahara ingewasaidia, hafichi. Binti bado amenuna. Na kwenye rola amepewa mwenzake mpya, mgeni wa kazi, ambaye mabega yake Mama Jumatano bado hajui kuyasoma. Jumatatu waliunguza mashuka mawili.

Mkataba wake umebakiza miaka miwili, na njia nane za basi. Baada ya hapo anarudi, na mpango wake ameshamwambia mumewe kwa ujumbe wa dakika kumi na moja.

"Mji wetu wenyewe siujui," alimwambia. "Miaka yote ile njia yangu ilikuwa nyumba, soko, nyumba. Nikirudi, kila Jumatano tunafunga duka. Tunapanda gari lolote linalopita, mimi na wewe, mpaka mwisho wake."

"Wateja watanipiga mawe," kinyozi alijibu.

"Waambie waje Alhamisi. Tutakuwa na la kuwasimulia."