Mwananchi Asiyetikisika

Itangazwe kote mtaani Kampemba, na hata kule Golf kwa matajiri, ambako mbwa wana daktari wao: taifa limempata mwananchi wake kamili. Anaitwa Rigobert Mwila, mchuuzi wa magodoro, na kipaji chake ni kutotikisika.

Bendera ikipandishwa asubuhi kwenye ofisi ya mtaa, filimbi hulia na kila mpita njia husimama wima. Anayepiga hatua anafagia uwanja wa polisi mpaka jioni. Hiyo tulishaizoea. Lakini shefu mpya, mkuu wa mtaa, aliona filimbi moja ni ndogo kwa mtu mkubwa kama yeye. Akaongeza ya jeep yake, kisha ya mke wake akienda sokoni, kisha ya mbuzi wake siku alipozaa mapacha.

Wengine tulisimama tukimtukana kimoyomoyo. Rigobert alisimama kwa moyo wote, godoro kichwani, hata mvua ikimnyeshea, hata mbwa wa jirani alipomfanyia alichozoea kuufanyia mlingoti. Mwishowe filimbi ikahamia ndani yake. Kwenye baa, refa wa televisheni akipuliza, Rigobert aliganda, glasi mdomoni, mpaka majeruhi abebwe nje.

Mke wake, Victorine, alivumilia hadi jioni ile maji ya moto ya kusongea bukari, ugali wetu, yalipomwagikia mguu wake. Akaita. Barabarani polisi alikuwa anasimamisha teksi kwa filimbi. Rigobert alibaki wima mlangoni, akimtazama tu.

"Baba Gracia, miye niliolewa na muntu ao na poto ya bendera?"

"Filimbi ililia, Mama Gracia."

"Basi ubakie na filimbi. Ikupikie."

Kesho yake akapanda basi la Mokambo, kwa wazazi wake. Rigobert akamkimbilia hadi kituoni. Basi lilikuwa linanguruma tayari, na palepale filimbi ikalia: shefu anapita. Kituo kizima kikaganda, dereva, wauza ndizi, abiria aliyekuwa ameweka mguu mmoja ngazini. Rigobert naye.

Kisha mguu wake ukasogea. Halafu wa pili. Akapita katikati ya watu kama anayepita makaburini, jasho likimtiririka, hadi dirishani kwa mke wake. Polisi wawili walimtazama bila kumgusa. Nao walikuwa wamekatazwa kutikisika.

"Huyu sasa mwanaume," muuza ndizi alinong'ona, midomo imefungwa.

Victorine machozi yakamlengalenga.

"Baba Gracia, umetembea? Mbele ya polisi? Juu yangu?"

"Ufunguo ya nyumba iko na weye," alisema Rigobert.