Henia wa Kola

Henia hakufukuzwa kazi. Nalisema mapema, maana Si Lamjed ("Si" kwetu ni "Bwana"), mwenye kiwanda chetu cha mashati pale mjini Ksar Hellal, alijivunia hilo kama mtu aliyejenga msikiti. Wanawake walipomchagua Henia awe mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi, sheria ilimkinga: bosi hawezi kumtoa bila kupitia kwa mkaguzi wa kazi. Basi akamtafutia kiti. Akamweka kando ya mlango wa choo, uso ukutani, bila cherehani wala uzi. Mshahara palepale. Kutwa akae tu, anuse.

"Nani kamgusa?" Si Lamjed akatucheka. "Nimempumzisha, mama wa watu!"

Mimi nilikuwa kwenye pasi, mwisho wa mstari.

Na uchafu wenyewe ulikuwa bado. Kwetu shati hupita mkono kwa mkono: huyu mifuko, huyu kola, huyu vifungo, na marupurupu ni ya mstari mzima, ukitimiza idadi ya siku. Nafasi ya Henia kwenye kola iliachwa wazi, na idadi ya mashati haikupunguzwa hata moja. Shadlia wa mifuko ikambidi ashone na kola. Jioni macho mekundu, marupurupu hakuna. Mwanzoni walimlaani bosi. Baadaye wakaona Henia yuko karibu zaidi.

Mchana mmoja wakamwendea na bakuli la kuskusi, Shadlia mbele, sauti ya asali. Shadlia huyo ambaye saa yake ya kunyonyesha ilipiganiwa na Henia!

"Kula, mpenzi wangu. Halafu andika barua ya kuacha kazi. Tuonee huruma."

"Mlinichagua wenyewe, Shadlia. Mikono juu, na vigelegele."

"Tulikuchagua utusaidie, siyo utukalie shingoni."

"Anayewakalia shingoni yuko kule juu, kwenye kiyoyozi. Mpelekeeni yeye kuskusi."

Nilicheka peke yangu. Wakanigeukia: "Wewe piga pasi!"

Henia hakuandika barua. Akamwita mkaguzi, na mkaguzi, namsifu, alikuja bila taarifa, akakiona kiti kwa macho yake. Akaamuru Henia arudi kwenye kola siku ileile.

"Sheria ni sheria," akasema Si Lamjed kwa adabu zote, na kiti akakibeba mwenyewe! Afadhali angetukana.

Mkaguzi alipoondoka, Henia akatia uzi, akanyoosha mkono kupokea shati. Shadlia akaliachia chini.

"Dada, limeanguka," akasema Henia.

"Halijaanguka," akajibu Shadlia.

Mstari mzima ulisikia, na hakuna aliyeinua kichwa. Bosi alikuwa bado mlangoni, meno nje. Henia akainama, akaliokota, akalikung'uta, akashona kola. Akanyoosha mkono tena. La pili likatupwa sakafuni.