Hatua Kumi Kutoka Dirishani

Yusta wa Mabwerebwere, Kilosa, hakuwahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. Miaka kumi na tisa alishusha nyanya na vitunguu kando ya barabara kuu pale Mikumi, akiwauzia madereva wa malori na abiria wa mabasi, na alichojifunza ni kwamba bei ya kwanza ni salamu tu. Anayeilipa ni mgeni. Nyumba yake ya matofali ya kuchoma aliijenga kwa ulimi huo. Fundi alipunguza, mwenye mchanga akapunguza, hata mchungaji aliyekuja kuibariki alipunguza sala, maana mzigo wa vitunguu ulikuwa njiani.

Silaha yake kubwa ilikuwa mgongo. Ukimkatalia bei hakugombana nawe. Aligeuka akaondoka taratibu, akihesabu hatua kimoyomoyo. Kabla ya hatua ya kumi muuzaji lazima aite: "Mama, rudi basi tuongee." Waliita wote.

Upendo alikuwa mtoto wa mdogo wake, marehemu Grace. Yusta alimlea tangu ana miaka minne, akamsomesha, na sasa binti alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Ndipo akatokea Goodluck, mwenye duka la vipuri Tunduma, na haraka zake za kuoa. Upendo alimpenda, hakuficha. Lakini alimwambia mama yake mkubwa: "Nataka niolewe cheti kikiwa mkononi. Mjomba hataweza kulisimamia hilo. Lisimamie wewe."

Mjomba ndiye Yared, kaka yao wa Morogoro. Kwa watu wao kikao cha mahari ni cha mjomba, ila Yared akisikia neno ng'ombe husahau mengine yote. Yusta alishapanga biashara yake: awapunguzie upande wa Goodluck ng'ombe, nao wampe Upendo miaka miwili amalize chuo. Na sharti la kikao halitumwi kwa simu. Linasemwa na mtu aliyekaa mkekani, wageni wakimwona usoni.

Kikao kiliwekwa Jumamosi saa tisa alasiri, nyumbani kwa Yared. Yusta akanunua mapema tiketi ya nafuu ya treni ya kutoka Kilosa kwenda Morogoro, ile ya saa ambazo watu ni wachache. Juu yake iliandikwa wazi kwamba ni ya treni ya saa sita mchana tu. Akaionyesha kwa wenzake wa Magomeni ya Kilosa kama mtu aliyeokota.

Ijumaa jioni Yared akapiga simu.

"Dada, wageni wanataka kuwahi kurudi kwao. Kikao ni saa nne asubuhi."

"Nisubirini."

"Wageni hawasubirishwi, dada. Ukikosa nitajitahidi."

"Usijitahidi, Yared. Kaa kimya mpaka nifike."

Asubuhi yake alikuwa stesheni saa mbili na robo. Treni ilikuwa ya saa tatu. Ubao ukutani ulisema tiketi ya nafuu huweza kuhamishiwa treni nyingine kwa kulipa tofauti, na kwamba mauzo na mabadiliko yote hufungwa dakika ishirini kabla ya treni kuondoka. Yusta aliusoma wote. Tofauti yenyewe ilikuwa bei ya sado moja ya nyanya, kindoo kidogo cha kupimia, na hela ilikuwa kwenye fundo la khanga.

"Shikamoo mama," alisema Anitha, binti wa dirishani.

"Marahaba mwanangu. Nipandishe hii ya saa tatu."

"Hii yako ni ya saa sita. Ongeza tofauti, nakubadilishia sasa hivi."

"Niongeze nini na kiti ni kilekile? Au cha asubuhi kina mto?"

Mzee aliyekuwa nyuma yake akacheka. Anitha naye akatabasamu. "Mama, bei sipangi mimi. Iko kwenye mashine."

"Mashine imeiweka mtu. Chukua nusu, tuachane kwa amani."

"Haipokei nusu. Na tunakaribia kufunga, mama yangu."

Maneno hayo Yusta aliyajua. Mzigo wa mwisho huu. Kesho bei inapanda. Tunakaribia kufunga. Ni yeye aliyekuwa akiyasema kila siku Mikumi.

"Basi, kaa nacho kiti chako," akasema, akageuka.

Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya sita akapunguza mwendo. Ya tisa akainama kurekebisha kandambili. Ya kumi akasimama. Nyuma yake Anitha alikuwa akimwambia yule mzee, "Shikamoo baba, unaenda wapi?"

Yusta akaketi kwenye benchi linalotazama dirisha, ili aonekane. Huyu bado mbichi, ataiva. Watu watatu wakahudumiwa, wa nne akawa na vitambulisho vya familia nzima. Hapo ndipo alipoinuka, akifungua fundo.

"Haya, chukua yote."

Anitha alitazama mashine, kisha akamtazama yeye. "Mama, imeshafunga. Dakika nne zimepita."

"Niuzie basi nyingine, nzima!"

"Yote inafunga pamoja. Orodha imeshaenda langoni."

Akaenda langoni, akarudishwa. Basi la alfajiri lilishapita. Akampigia Yared.

"Nakuja na ya saa sita. Sema la chuo! Umesikia? La chuo kwanza!"

"Sawa, sawa dada. Wageni hao wanaingia." Simu ikakatika.

Ya saa sita ilikuja, nusu ya viti vikiwa vitupu. Mkaguzi akaitazama tiketi yake, akamrudishia kwa adabu. "Iko sawa kabisa, mama."

Morogoro alikuta mikeka inakung'utwa. Yared alimpokea mlangoni, uso ukimetameta.

"Dada, tumewabana! Ng'ombe wote tuliotaja, hawakupunguza hata mmoja! Harusi baada ya Pasaka."

"Na chuo?"

"Nililisema. Wakasema atamalizia hukohuko Tunduma. Sasa mimi ningebishaje, na maneno hayakuwa yangu?"

"Pasaka ni wiki saba."

"Wameshakula, dada. Neno limeshafungwa."

Upendo alikuwa uani, anaosha vikombe vya wageni. Hakuinuka.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba."

"Treni ya asubuhi ilijaa?"

Yusta angeweza kusema ndiyo. Uongo ulikuwa pale, hauna bei.

"Haikujaa. Nilitakiwa kuongeza hela kidogo. Nikawa naomba punguzo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama sado ya nyanya."

"Hukuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Upendo akasuuza kikombe, akakigeuza kwenye sinia, akachukua kingine.

"Ungenipigia," alisema. "Ningekutumia."

Ndani Yared aliita, akiuliza kama dada ameshapewa chai.